Aliye Juu

Yalianza Sabasaba, kwenye foleni ya maji ya kunywa:
askari juu ya farasi wa kahawia alitupita kando,
na mkia ukampangusa Sikudhani shavuni.
Tangu siku hiyo hakuna mswaki bila farasi,
hakuna uji bila farasi.

Mimi fundi friji. Najua gesi, najua kompresa.
Farasi nilimwona darasa la pili, F ya farasi,
nikampaka rangi ya kijani.
Nikauliza watu. Nikafunga kibanda Jumamosi tatu.

Ya kwanza, kule barabara hazina mashimo,
dada wa mapokezi alinipa kahawa na karatasi:
kofia ya kwao, buti za kwao,
ada ya muhula mzima kabla sijaona hata kwato.
Nikapiga hesabu kwa lugha yangu: friji nne na nusu.
Mwalimu yuko wapi?
"Yupo," akasema.
Hakusema wapi.

Ya pili, ufukweni Kunduchi,
kijana wa miwani ya jua: "Mzunguko elfu kumi, mzee, picha bure."
Bei ilinikaa. Mtoto akanivuta shati.
"Baba, mbona mbavu zinahesabika?"
Akazihesabu kweli, kwa kidole, hadi kumi na moja,
na chini ya tandiko kidonda,
nzi wanakijua kuliko mwenye farasi.
Tukarudi na elfu kumi yetu.

Shemeji Mwinyikombo alicheka hadi akakohoa.
"Fundi friji na farasi! Mfundishe cherehani.
Aliye juu, mngoje chini."
Sikumjibu. Nusu yangu ilikuwa upande wake.

Ya tatu tulivuka kwa pantoni hadi Kigamboni,
bajaji, kisha miguu, kisha uzio wa mirunda
na mwanamke ndani ya gambuti, Bi Apaisaria.
Hakuanza na mimi. Alichuchumaa mbele ya mtoto.
"Unaogopa?"
Sikudhani akanitazama. Njiani nilimfundisha kusema hapana.
"Ndiyo," akasema.
"Vizuri. Na yeye anaogopa. Anaitwa Tangawizi.
Mwambie wewe nani."

Nikatoa risiti niliyoandika maswali nyuma yake.
Watoto wangapi kwa farasi mmoja? Kamba anashika nani?
Je, akianguka?
"Ataanguka," akasema, kama anayetaja bei ya mchele,
"ndiyo maana tunaanza na kushuka.
Wiki mbili hapandi. Anapiga brashi, anazoa mavi,
anajifunza farasi akilaza masikio amesema nini.
Saa nne jua likikaza, farasi wanapumzika,
usiniletee mtoto saa tano ukaniambia foleni.
Kofia ninayo, mkanda mzima. Inanuka vichwa vya watu,
utavumilia."
Nusu saa elfu thelathini:
gesi ya friji moja, tena ndogo.

Nilitaka tupunguziane. Mdomo ulishafunguka.
Nikamwona mwanangu ameweka kiganja
kwenye pua ile kubwa, yenye joto,
na amenyamaza,
Sikudhani, ambaye hanyamazi hata akila.
Nikatoa pesa.

Leo wiki ya tano.
Tangawizi anazunguka polepole, vumbi linamfuata,
kamba mkononi mwa Bi Apaisaria,
na juu, mgongo wima, ulimi nje, yule wangu.
Nilipewa ndoo nikalie. Imenishinda.
Kila farasi akitikisa shingo nami natikisika.
Shemeji alisema kweli, ila hakujua alichosema:
aliye juu namngoja chini,
mikono nimeikunjua bila kuambiwa,
na mfukoni simu ya mteja inaita, inaita,
barafu ya watu inayeyuka.