Swichi ya Tatu

Kabla ya nguzo, mji wetu ulikuwa majini.
Mwezi ukifa, karabai za dagaa zilijipanga hadi upeo,
mitaa kwa mitaa ya mwanga isiyo na nyumba,
na sisi wenye nyumba, huku nchi kavu,
tulipapasa milango yetu kama wageni.
Nilimuuliza mama: mbona dagaa wanamulikiwa
na mimi nasoma kwa kibatari?
Akasema: dagaa wana bei.

Sasa nina paneli mia na ishirini.
Nazihesabu alfajiri kama mwenye ng'ombe,
nafuta kwa maji ya ziwa
kinyesi cha mnandi, ndege asiyenunua uniti.
Kampuni iliniachia funguo, daftari, glavu za mpira,
na ubao wa swichi nne:
Nyumba. Mashine ya kusaga. Majokofu. Zahanati.
Maneno ya kuwaambia watu hawakuniachia.

Watu husema umeme wetu unatoka juani.
Kweli, hadi saa kumi na mbili.
Baada ya hapo unatoka kwenye betri,
na betri ni chungu cha ugali wa watu wengi:
unapakua, unapakua,
mara unasikia mwiko unakwaruza chini.

Mwezi wa nne. Siku ya tatu mawingu yamekaa juu ya Chibasi
kama wapangaji wenye deni.
Asilimia thelathini: nikazima mashine.
Wanawake wakajitwika mahindi yao, wakanisema hadi konani.
Asilimia kumi na tisa: nikazima nyumba.
Redio ya Mkama ikanyamaza mpira ukiwa hewani,
na hadi leo ananidai lile goli.

Saa nne usiku, simu ya muuguzi Nyanjura:
"Mke wa Mafuru. Mtoto katanguliza miguu.
Usinizimie."
Mwaka juzi nisingemwelewa,
angekuwa na tochi kinywani.

Asilimia kumi na moja.

Majokofu ni ya Malima, kaka yangu.
Sangara kilo arobaini, boti ya Mwanza asubuhi,
na mkopo wa kikundi umelala ndani ya barafu ile.
Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Hakuna aliyeipima na umeme.

Kidole hakikutetemeka, nisidanganye.
Kilitetemeka baadaye, nikitafuta tundu la kufuli.
Swichi ya tatu ina mlio mdogo tu,
kama mtu anapasua njugu.

Saa tisa, simu tena: "Wa kike. Analia."
Nilikuwa nasikia.

Asubuhi Malima alibonyeza sangara kwa dole gumba.
Nyama ikabonyea, haikurudi.
Boti ikapima kwa pua, ikaondoka.
Hakunitukana. Alichana boksi la sabuni, akaandika
Kilo 40,
na chini yake jina langu na la baba, kamili, kama karani,
kana kwamba hatukunyonya ziwa moja,
kana kwamba hatuoshi uso katika ziwa moja.

Boksi nimelipigilia msumari kando ya ubao.
Kila Jumamosi nampa elfu tano.
Anapokea bila kuhesabu,
na kwa Malima huo si upole.

Jana alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani.
"Asilimia ngapi?"
"Sitini na mbili."
Akatazama wingu lililokuwa likijikusanya upande wa Ukara,
akatoa simu,
akaagiza barafu.