Inanuka Kama Nini

Lilianza pale Kiwira, baada ya kupakia mikungu mitatu:
gari likatetema kama mtu aliyetoka kuoga mtoni mwezi wa sita,
na kila nilipopunguza mwendo usukani ukanipiga viganja.
Halafu ile harufu.
Nikadhani ni watu wa Isyonje wanachoma magugu.
Nikaipita Isyonje. Harufu haikubaki kwao.

Uyole, nyuma ya mashine ya kukoboa,
fundi Ambokile hakugusa boneti.
Alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono,
akauliza: Inanuka kama nini?
Nikamwambia, si uje unuse mwenyewe.
Tumpe, binti anayejifunza kazi kwake,
akainua uso toka kwenye tairi:
Hanusi huyo. Miaka mitano alipuliza rangi bila barakoa.
Pua imebaki ya kushikia miwani.

Ikabidi nitafute maneno.
Inanuka kuungua, nikasema.
Kuungua kuna ukoo mkubwa, dada.
Ugali ulioshika sufuria nao umeungua.
Ni mpira?
Si mpira, mpira unakwaruza koo.
Ni nywele chini ya pasi ya saluni?
Hapana.
Basi klachi ni nzima. Ina utamu kwa mbali?
Haina.
Rejeta nayo imepona.

Nikafumba macho katikati ya kelele za mashine.
Ni yule mama wa chipsi, stendi ya Tukuyu,
mafuta aliyoyaweka Jumatatu na leo ni Ijumaa,
na kijiko kimoja kimemwagikia mkaa.
Kimoja tu?
Kimoja. Kinanyamaza. Halafu kingine.
Hapo ndipo alipoomba ufunguo.

Bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni,
akasikiliza kama anayesengenyewa chumba cha pili.
Kwa koleo lililofungwa raba akachomoa waya wa plagi ya kwanza:
injini ikapepesuka, nusura izime. Akaurudisha.
Wa pili, vilevile.
Akachomoa wa tatu
na hakuna kilichobadilika.
Mtetemo uleule, sauti ileile.
Injini haikujua kwamba kuna mtu ameondolewa.
Ni huyu, alisema.

Nikakumbuka ofisi yangu pale Forest,
kiti changu karibu na dirisha,
likizo niliyorudi nayo nikakuta hata kikombe hakijasogezwa.
Sikusema kitu. Yeye alikuwa ameinama.

Plagi ilitoka imelowa hadi shingoni.
Gasketi ya kava imekauka, inavunjika kama ganda la haragwe,
na oili imepata njia mbili:
nyingine imeshuka shimoni kwa plagi, ikamziba mdomo,
nyingine inadondokea bomba la eksozi, tone,
tone,
na huyo ndiye mama yangu wa stendi.
Umemtaja vizuri, Ambokile alisema. Wengi huniambia tu inanuka.

Tumpe alikwenda Mwanjelwa kwa bodaboda kuleta gasketi.
Ukungu ulishuka, ukapanda tena.
Jioni injini ilinguruma kwa silinda zote nne, sauti nzito, ya kushiba.
Nikalipa. Akahesabu, akanirudishia elfu mbili.
Ya nini?
Umetoka Tukuyu. Kahawa imechanua?
Tangu juzi, baada ya mvua ya Jumatano.
Inanuka kama nini siku hizi?

Kama asmini, nikaanza.
Mimi mtu wa hapa hapa, akasema. Asmini sijaionja hata kwa macho.
Kama asali, basi.
Asali ni ya ulimi.
Tumpe aliacha kukaza nati, naye akangoja.
Kama, nikasema. Kama shuka
Nikakwama hapo.

Ile noti iko bado juu ya dashibodi, imepauka kwa jua.
Niendapo Tukuyu, nikifika penye mashamba,
nashusha kioo, napunguza mwendo.
Wa nyuma wananipigia honi.