Mpangaji wa Darini

Huku Kassel tunamwita dubu mfuaji,
ati huosha chakula chake kabla ya kukila.
Kwangu hakufua kitu.
Aliirarua sufi ya kuzuia baridi, akaitandika,
akajichagulia choo nyuma ya masanduku ya marehemu Ewald,
na kila ikigonga saa nane ya usiku
akaburuta kitu kizito toka ukuta huu hadi ule,
kama mtu asiyeridhika na mahali pa kabati.

Nilikuwa nagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Mara tatu.
Hutulia. Husikiliza.
Kisha huendelea, polepole kidogo,
kwa adabu ya mpangaji anayejua
kwamba mwenye nyumba ana miaka sabini na minane
na ngazi ya darini ina vidato kumi na vinne.

Jirani yangu Quandt alicheka juu ya ua:
"Gundula, muwashie redio! Hawapendi kelele."
Nilimwashia.
Usiku wa tatu nikasikia
stesheni imebadilishwa.

Ndipo nikamwita Frauke, fundi wa mapaa,
mabega mapana, penseli sikioni.
Aliizunguka nyumba mara mbili bila neno,
akanionyesha bomba la mvua:
vidole vitano, juu yake vitano, juu yake vitano,
matope ya bustani yangu mwenyewe
yakipanda hadi kwenye mchirizi.
"Ngazi ya kwanza hii. Ya pili ni ule mplamu."

Mplamu wa Ewald.
Nikanyamaza, naye akaendelea:
tawi likatwe, libaki mbali na paa mita mbili;
bomba livikwe bati laini lisilo pa kushika;
dohani ipigwe wavu wa chuma;
vigae vitatu vilivyoinuka vifungwe kwa waya.
"Lakini leo sizibi."

Alikuwa amekwisha kupanda. Alishuka na utando wa buibui nyusini.
"Wako wanne. Macho bado.
Nikiziba leo, mama atakuwa nje,
atalibomoa paa lako kigae kwa kigae,
nawe utalala chini ya kilio."

Basi nikasubiri.
Wapo wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe alikuja nalo,
makali matano kila mkono.
Frauke aliacha darini taa kali isiyozimwa
na matambara yaliyolowa siki.
Nyumba nzima ikanuka kachumbari.
Nilikula mkate wangu jikoni, dirisha wazi, nikiwasikia wakikua.

Usiku mmoja wa Juni nilimwona.
Alitoka penye kigae, mtoto mdomoni,
kamshika ukosi, miguu inaning'inia kama soksi,
akapita juu ya tawi la Ewald
hadi upande wa pili wa ua.
Akarudi. Wa pili. Akarudi. Wa tatu. Wa nne.
Mara ya tano aliingia mdomo mtupu
akatoka mdomo mtupu,
kama ninavyorudi mimi mlangoni, koti mwilini,
kuhakikisha jiko nimelizima.

Asubuhi Frauke alifika na msumeno.
Tawi lilianguka na plamu zake mbichi.
Sikuliangalia; niliangalia bati likimeta,
waya ukikazwa, nikaandika hundi:
euro mia sita na arobaini.

Sasa mvua hugonga vigae na kwenda zake.
Saa nane naamka, hakuna aliyeniamsha.
Juzi, nakiri, niligonga dari.
Mara tatu.

Jana Quandt alipiga simu, sauti chini,
akitaka namba ya Frauke.
Nikamsomea polepole, tarakimu kwa tarakimu.
"Ila usizibe kwanza," nikasema. "Wahesabu. Ni wanne."
Akakaa kimya.
Juu ya kichwa chake, ndani ya simu,
nikasikia kitu kikiburutwa.
"Na redio?" akauliza.
"Ya habari haipendi," nikamwambia.