Saa Nne

Awino, karibu zamu. Nakukabidhi kitanda cha saba:
Barongo, miaka sita, wa Kwa Rhonda.
Aliingia juzi jioni, wewe ukiwa ofu,
siku ile vumbi la magadi lilipoinuka ziwani
likaingia Nakuru bila kubisha hodi.
Mamake alimbeba mgongoni, mkubwa vile, miguu inaburura.
Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.
Atalia na nini, na hewa ya kulilia hana?

Nilihesabu dakika nzima, sikufupisha:
pumzi hamsini na nne.
Ngozi ya shingo inadidimia kila akivuta,
na kifuani filimbi nyembamba, kama birika
lililosahauliwa motoni nyumba ya jirani.

Daktari alikuwa theta. Nilikuwa na karatasi yetu,
ile ya ukutani, kona imeliwa na mende.
Nikaanza. Oksijeni. Kisha chupa ya maji ya nusu lita,
kitako nimekitoboa kwa kisu cha moto,
pampu huku, mdomo kule.
"Vuta, Barongo. Si kama soda. Polepole,
kama unanusa chapati ambayo hujaruhusiwa kula."
Alinitazama kwanza.
Akavuta.

Kila dakika ishirini. Halafu saa moja.
Jana alfajiri nikathubutu, nikampa saa mbili,
nikakaa naziangalia zinavyokwenda
kama mtu aliyemtuma mtoto dukani na noti kubwa.
Akarudi na chenji yote.
Nikampa saa tatu.

Mama alikuwa na neno lake:
nyanya amesema pampu huzoesha, ukianza huachi.
Nikamwambia, na hewa je?
Hiyo imemzoesha tangu azaliwe.
Akacheka, akaziba mdomo, wodi imelala.

Ndipo nikamwuliza jiko hulala wapi.
"Tunalala nalo," kwa sauti ya chini kama anaungama.
Hukaanga mandazi saa kumi, chumba ni kimoja,
na jiko likiachwa nje haliamki hapo.
Sikumkemea. Ningemkemea nikampe nini?
Tumekubaliana akaangie mlangoni, pazia limefungwa fundo,
mtoto alale upande wa dirisha.
Sijui kama itashika. Mvua ikija, sijui.
Andika kwenye kadi nimuulize kliniki.

Usiku huu nilimpa chupa yeye, nikasema nifundishe.
Mikono ilimtetemeka. Aliweka pampu, akabonyeza,
na kutoka kwenye blanketi kikasikika kisauti:
"Mama, hujaitikisa."
Akaanza upya, na safari hii akapatia.

Hiyo ilikuwa saa nane na nusu.
Sasa ni kumi na mbili na nusu, na hajaitaka.
Pumzi ishirini na sita. Shingo imetulia.
Amelala mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka.
Usimwamshe kumuuliza hali, tega sikio tu:
birika limeepuliwa.

Daktari akipita raundi saa nne,
akikuuliza nani aliamua, mwonyeshe karatasi.
Akikuuliza kijana anaendeleaje,
mwambie saa nne ameiweza.

Na ile chupa dirishani, yenye jina la Barongo kwa kalamu ya buluu,
si taka. Mwambie anayefagia.