Hatua Chache Kutoka Ziwani

Nimeiandikia simu kwa kidole kimoja,
nimekalia ndoo iliyofudikizwa, hapa Kibirizi:
vyumba vitatu, bati la zamani, umeme wa luku,
choo cha nje. Kiwanja hakina hati,
kina barua ya serikali ya mtaa
na mihuri miwili, mmoja umefifia.

Akili mnemba haikukohoa. Haikuuliza bei ya mwisho.
Ikanirudishia kabla sijameza mate:
"Karibu katika makazi ya ndoto zako!
Mandhari tulivu, hewa safi, haiba ya asili,
hatua chache tu kutoka ziwani."
Ikapachika na vijipicha: ufunguo, jua linalocheka.

Huu mwaka wa kumi na tisa nafanya udalali.
Nimeuza Mwanga, nimeuza Gungu,
Katubuka nimepangisha chumba ambacho mlango wake
haufunguki mpaka uupige teke, tena pale pale ulipozoea.
Uongo naujua kwa majina yake yote.
"Karibu na lami": ukiruka kama kunguru.
"Maji yapo": hujaambiwa ya nani.
"Mwenye nyumba hakai hapa": huja kila Jumapili, na ufagio.
Lakini ule ulikuwa uongo wangu, una jasho.
Nilimtazama mtu usoni ndipo nikautoa,
na nikimwona sokoni kesho yake, nilibadili njia.

Huyu habadili njia. Hana miguu.

Mama Bukuru akatoka na kikombe cha uji.
Nisomee, akasema.
Nikamsomea. Nilipofika "hatua chache"
akakiweka kikombe juu ya tofali.
"Mwambie huyo kijana wako
zilikuwa mia mbili na kumi.
Marehemu alizihesabu siku tunachimba msingi.
Ule mwaka wa mvua zikabaki themanini.
Sasa toka mlangoni hapo, tembea, uhesabu."

Nikatoka. Nikahesabu kumi na nne.
Ya kumi na tano ikaingia kiatuni.

Choo kimesimama majini hadi kiunoni
kama mtu aliyesahau alichofuata.
Vidagaa vinapita mlangoni bila hodi.
Ndani, kwenye fremu ya chumba cha watoto,
mistari ya mkaa: Bukuru, Butoyi,
Bukuru, Butoyi, kila Krismasi walivyorefuka.
Na chini kabisa, karibu na sakafu,
kwa mwandiko uleule:
Ziwa, mwezi wa nne. Juu yake kidogo:
Ziwa, mwezi wa tano.

Nikairudia simu. Ongeza: maji yamekaribia mlango.
Ongeza: choo hakitumiki.
Ikajibu, na furaha zake zilezile:
"Makazi ya kipekee yanayokumbatia maji,
fursa adimu kwa mwekezaji mwenye maono!"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Maono ndiyo nini hapo?"
Ndiyo macho ya kutokiona choo, mama.

Akanyamaza kitambo. Kasulu ana kiwanja,
amelipa nusu, na mwenyewe kiwanja keshaanza
kumpigia simu usiku. Mimi nami
nina meza moja na mwavuli, na kodi ya meza.
Hatukuwa watakatifu pale, tusidanganyane.

"Futa hayo mengine," akasema.
"Iache hiyo ya hatua. Si uongo.
Ila hesabu iwemo."

Nikaandika mwenyewe, herufi moja moja:
Nyumba inauzwa, Kibirizi.
Hatua kumi na nne kutoka ziwani.
Zilikuwa mia mbili na kumi.
Bei maelewano.

Simu ikauliza kama ningependa
iifanye ivutie zaidi.

Asubuhi nilikuta ujumbe mmoja tu,
mtu wa Mwandiga, hana hata salamu:
Bado ipo?

Nikapanda bodaboda mpaka kwa Mama Bukuru.
Nikasimama mlangoni, nikavua viatu,
nikahesabu kwanza, ndipo nikajibu.