Kamomili ya Ng'hong'honha

Mbegu zilikuja ndani ya kiberiti
kutoka kwa Sista Gaudiosa wa Miyuji,
ndogo, hata ukipumua unazipoteza.
"Usizifukie," alisema. "Zinataka kuliona jua
kabla hazijakubali."
Nikazinyunyiza nyuma ya jiko,
nikazikandamiza kwa kiganja
kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzake.

Udongo wetu unaujua: mwekundu,
mgumu kama deni.
Nikazipa maji niliyooshea mchele, nusu kopo, alfajiri.
Malogo akachungulia juu ya uzio wa minyaa:
"Ndoo mia tano, we unanywesha magugu?"
Sikumjibu.
Mbuzi wake alionja, akatema.

Yote haya kwa sababu ya mama.
Tangu wapimaji waje na kamba na rangi,
wakapanda jiwe katikati ya shamba la uwele,
mama halali.
Usiku namsikia akihesabu mistari
iliyobaki upande wetu,
anakosea, anaanza upya.

Maua yakatoka Julai, kipupwe kikivuma,
meupe, na kitovu cha njano kilichotuna;
ukikipasua, ndani kitupu.
Huchumwa umande ukishakauka,
vichwa tu, vidole vimetanuka kama chanuo.
Nikavianika kwenye ungo, uvunguni mwa kitanda.
Wanasema vinanukia tufaa.
Mimi tufaa nimelila mara mbili;
kwangu vinanukia mlenda mkavu
siku kibuyu kinapofunguliwa.

Kijiko kimoja. Maji yachemke, yatulie.
Funika, usichungulie, mvuke ndio dawa.
Mama akanywa, akakunja uso:
"Hii ni chai iliyofiwa."
Akamaliza.

Siwadanganyi, jiwe halikung'oka.
Bado anaamka saa tisa. Ila hahesabu tena,
ananiita tu: "Nyemo, una maji motoni?"
Tunakaa jikoni, miguu karibu na majivu,
tunaongea habari za ndama,
na nani kaolewa Kigwe.

Masika yakaja yakapita, nikajua imekufa.
Jana tumekwenda shambani.
Upepo ulibeba mbegu; zimeota zenyewe,
tatu upande wetu,
na zaidi ya ishirini ng'ambo ya jiwe,
majani membamba kama nywele za mtoto mchanga.
Mama akainama, akazitazama sana.
"Na hizi," akasema,
"nani kazipimia?"