Jini Aliyesoma Riwaya Yangu

Nipe kalamu na wino,
nitunge kisa kinono
cha kugonganisha meno,
cha mazimwi ya mjini.

Pana nyumba ya ghorofa,
dari imejaa nyufa,
mwenyewe zamani kafa,
mtaa wa Kibokoni.

Shujaa nikampanga:
Twaha, muuza karanga,
mwoga kama kifaranga,
aliyehama Likoni.

Nikapanga: saa nane,
giza, hata asione,
paka mweusi anune,
kitu kilie darini.

Ashuke mwana wa sura,
asumini, hina bora,
buibui la kung'ara,
na kwato za punda chini.

Kalamu nikaituwa,
nimimine na kahawa;
kufuli lajifunguwa
pasi kuuliza: nani?

Kaingia kwa kishindo,
koko, koko, kama nyundo,
kainua lake pindo:
kwato zile, si utani!

"Nimezisoma kurasa,
nikacheka, nikasusa.
Hivi wewe, hata sasa,
ni kwato tu? Kwani, kwani?

"Bibi yako kanitia
kwato, akasimulia;
mama yako karudia;
leo wewe, kitabuni!

"Kwato, kushuka kwa ngazi,
kila siku, ndiyo kazi?
Goti limevimba wazi,
na viatu sivioni!

"Na huyo wako shujaa!
Asikia kitu: paa!
Badala ya kuambaa,
apanda: 'Ni nani? Nani?'

"Mtu wa hapa, wallahi,
hungojea asubuhi,
chooni hata hawahi,
kajikunyata shukani.

"Na paka huyu mweusi
ana watoto khamsi,
kutisha hana nafasi,
yu mbioni mabuchani.

"Basi tukae, tupange:
hizi kwato uzitenge,
usiku aje, agonge,
dalali wa Kisauni.

"Adai miezi sita,
maji pia atakata;
utaona akitota
jasho mpaka nyayoni."

Nikacheka, kisha hofu
ikanikaba mapafu:
kodi (mimi ni dhaifu)
sijalipa tangu Juni.

Nikamwambia: "Na wewe,
nikutie wapi, uwe
nani, hata utendewe
haki humu hadithini?"

Akasema: "Niandike
jirani yake, nipike
mbaazi, naye acheke,
asitupe jicho chini."

Hajamaliza kunena,
hodi ikapigwa tena.
Sote tukatazamana,
tusiulizane nani.

Jini kazima fanusi,
kwato kavua upesi,
akaniambia: "Basi,
twende sote uvunguni."

Ndiko huku naandika,
vumbi puani, na paka
mweusi, naye kafika,
na watano mgongoni.